Nilikaa kwenye kiti nilichoambiwa, rafiki yangu akahama na chake: tamasha la kwaya lililonitoa jasho

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili jambo limenikaba tangu Jumapili na nimeona nisipolitema nitapasuka. Ninachoandika ni kweli tupu, sijaongeza chumvi wala ndimu. Wapo watu wa Kahama humu waliokuwepo ukumbini, nikidanganya waninyooshe hapa hapa. Majina tu ndiyo nimebadili, maana bado nahitaji kuishi na hawa watu.

Uzi ni mrefu kidogo. Mvivu wa kusoma aniache na stress zangu.

Mimi nauza vipuri vya mashine za kukoboa mpunga. Duka lipo mbele, nyumba ipo nyuma. Mke wangu tumwite Mama Kulwa, ni mwimbaji. Simaanishi anaimba akiwa anafua. Namaanisha tangu binti huko kwao Kagongwa, kwaya ikipata wageni wa maana, yeye ndiye alikuwa anasukumwa mbele. Hata mimi nilimpatia huko. Nilienda kumfungia mtu mashine, nikasikia sauti inatoka kanisani, mashine ikanichukua wiki nzima kuifunga.

Sasa baada ya mapacha wetu kukua kidogo, akaota rovu. Ule uvimbe wa shingoni. Ikabidi afanyiwe upasuaji. Ulienda salama, namshukuru Mungu, lakini alipoamka sauti hakuwa nayo.

Wakuu, msichukulie poa. Mtu aliyekuwa anaita watoto kutoka uani wanasikia hadi mtaa wa pili, akawa ananong'ona. Ya kuongea ikarudi taratibu. Ya kuimba, daktari alisema asingeahidi kitu.

Kwaya alirudi, ila akasimama mstari wa nyuma kabisa akawa anafungua mdomo tu. Aliniambia mwenyewe siku moja tukiwa tunakula: "Baba Kulwa, mimi pale ni sanamu."

Nikamsogezea bakuli la mboga.

Tuje kwenye tamasha.

Hapa mjini kuna mwalimu mstaafu wa muziki ambaye ameanzisha okestra. Ndiyo, okestra, Kahama hii hii ya mchele na mabasi. Vijana wanapiga vayolini, wazee wa kanisani wanapuliza matarumbeta, na kuna ngoma mbili kubwa za shaba zinazopigwa kwa virungu vyenye sufi kichwani. Huyu Mwalimu ni mtu serious sana. Katunga wimbo mmoja mrefu kuhusu mavuno, wa karibu saa nzima, akaunganisha kwaya yetu na kwaya moja kutoka Geita.

Katikati ya huo wimbo kuna ubeti wa mtu mmoja. Vyombo vinashuka, kwaya zote zinanyamaza, mtu mmoja anaimba.

Ubeti huo akampa mke wangu.

Alikataa. Akalia. Mwalimu akamwambia sauti anayoitaka ni hii aliyonayo sasa, siyo ile ya zamani. Akarudi nyumbani akakubali huku bado analia. Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa mazoezi tu, asubuhi kwenye sufuria za uji, jioni akikunja nguo. Kuna sehemu moja ya kupanda juu ambayo sauti ilikuwa inakatika. Leo inapita, kesho inakatika. Watoto wakawa wanabana pumzi kila akifika pale.

Jumapili asubuhi alienda mazoezi ya mwisho. Aliporudi kubadili nguo akanishika mkono.

"Nimefunga kitenge changu cha njano kwenye kiti, safu ya pili, upande wa kushoto. Ukae hapo. Nikiinuka nataka nikuone wewe kwanza. Nikikuona sitatetemeka. Sikuombi kingine."

Wakuu, ombi dogo kiasi hicho. Nani angelishindwa?

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliwaalika rafiki zangu. Nilitaka ukumbi ujae watu wake.

Wa kwanza ni Masanja. Tumekua wote. Sasa hivi ana duara lake huko Geita, yaani shimo la dhahabu, na sauti yake ni ile ya kuita mtu aliyeko chini ya shimo. Hana nyingine. Wa pili ni Hamisi, mfanyabiashara wa mchele, mtu mwema, ila simu yake haijawahi kupumzika tangu inunuliwe.

Masanja katokea Geita asubuhi ile akiwa na viatu vina udongo wa machimbo. Nikamuuliza kama hana vingine. Akaniuliza kwani tunaenda kuimba na miguu?

Tukafika mapema kwenye ukumbi wa kanisa. Kiti chenye kitenge nikakiona, nikakaa. Hamisi kulia kwangu, Masanja kushoto.

Tukasubiri mgeni rasmi.

Nyie mnajua. Tamasha la saa nane, mgeni rasmi yuko njiani. Saa tisa, yuko njiani. MC anazunguka na kipaza sauti anatuuliza kama tuna furaha. Mimi sikuwa nayo. Pembeni nawaona wanakwaya wamesimama na majoho yao, jasho linawatiririka, na Mama Kulwa kashika chupa ya maji anakunywa funda dogo dogo kulinda koo. Kila dakika zikienda naona hofu inampanda usoni. Nikatamani nimfuate huyo mgeni rasmi kwa bodaboda.

Hamisi akawa keshapokea simu ya kwanza. "Mchele super au wa kawaida? Sikusikii, niko kanisani! Nasema SUPER?"

Mgeni rasmi alipoingia akaingia na mpiga video wake. Huyu mpiga video mkae mkimkumbuka.

Kabla ya kuanza Mwalimu akachukua kipaza sauti. Akaomba mambo mawili. Simu zizimwe. Na tusipige makofi mpaka wimbo uishe kabisa, maana una sehemu sehemu na kila sehemu ina kituo chake, kwa hiyo tukisikia kimya tusidhani umeisha.

Masanja akaniinamia. "Sasa hawa watajuaje kama tumependa?"

Nikamwambia anyamaze.

Samahani wakuu, kuna mteja kaja na mkanda wa mashine umekatika vipande vitatu, anataka nimuungie. Nimemuuzia mpya. Naendelea.

Kwa ambao hamjaishi kanda hii, hapa lazima niwaeleze kitu, la sivyo hamtanielewa.

Wasukuma tuna mashindano ya ngoma. Baada ya mavuno, makundi mawili yanakutana uwanja mmoja, yanasimama kila moja upande wake, na yanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Jaji ni watu. Kundi likikuvutia unalisogelea, likikuchosha unalihama. Mwishoni upande wenye watu wengi ndio umeshinda, na manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa upande uliokimbiwa anarudi kwao kimya kimya. Kukimbiwa na watu ni aibu ambayo mtu anakuja kuhadithiwa hadi na wajukuu.

Sasa Mwalimu wetu, na elimu yake yote, alizipanga kwaya vipi? Kwaya yetu kushoto na vayolini. Kwaya ya Geita kulia na matarumbeta pamoja na zile ngoma kubwa. Zinatazamana. Huyu anaimba, yule anajibu.

Nilipoona ule mpangilio nikaukumbuka uwanja wa ngoma. Nikajipa moyo kwamba hawa ni watu wazima, wamekaa kwenye viti, wako kanisani.

Sehemu ya kwanza ikaenda vizuri. Ikaja kimya. Watu wachache wakapiga makofi, wengine wakawanyamazisha kwa ukali, "Shhhh! Haijaisha!" Tukabaki tunaangaliana.

Sehemu ya pili kwaya ya Geita wakaachia. Wakuu nitasema ukweli, wale watu wanaimba. Halafu zile ngoma za shaba zikaitikia, ukumbi ukatetemeka hadi bati.

Nikaona mama mmoja wa safu ya mbele anainuka. Nikadhani anaenda msalani. Akainua kiti chake cha plastiki, akakibeba kichwani, akavuka kwenda upande wa kulia, akakiweka chini, akakaa. Kwa utulivu kabisa.

Wakafuata wawili. Kisha familia nzima.

Yule MC badala ya kusaidia akasogea pembeni na kipaza sauti chake, akanong'ona humo humo: "Naona kulia wanaongoza, kulia wanaongoza."

Nilitaka kufa.

Baada ya hapo ikawa msafara. Viti vinakwaruza sakafu, watoto wanavutwa mikono, wazee wanashikiliwa. Mwalimu amewapa mgongo, anaongoza, akisikia kelele anageuza kichwa kidogo na kutoa jicho, watu wanadhani anawahimiza. Na kwa kuwa walikatazwa makofi, wakaona njia waliyobakiwa nayo ya kusema wamependa ni miguu.

Masanja akaanza kuchezesha goti.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Ndugu yangu, hawa wa Geita wamewazidi. Ukweli usemwe."

"Masanja, haya siyo mashindano! Ni wimbo mmoja!"

"Wimbo mmoja una pande mbili?"

Akabeba kiti chake, akaenda.

Nikageuka kwa Hamisi nipate hata mtu mmoja wa kulalamika naye. Hamisi kalala. Mdomo wazi. Simu inawaka waka mapajani, angalau alikuwa ameiondoa sauti.

Upande wa kushoto tukabaki watu wa kuhesabika. Mimi, Hamisi aliyelala, bibi kizee mmoja ambaye nadhani hakuwa na wa kumbebea kiti, na meza ya mgeni rasmi. Ndipo yule mpiga video akaona eneo limekuwa wazi. Akaja na stendi yake na taa yake kubwa, akaisimika mbele yangu. Mbele yangu kabisa, wakuu, mgongo wake ukawa dirisha langu. Alikuwa anamchukua mgeni rasmi akisikiliza.

Nikamgusa. "Kaka, sogea kidogo."

"Mzee, hii ndiyo angle."

Na hapo hapo vyombo vikashuka. Vayolini zikabaki nyembamba kama uzi. Nikajua ni zamu yake.

Sikumwona akiinuka. Nilikuwa naona kiuno cha mpiga video. Nikaegemea kulia, taa. Nikaegemea kushoto, nguzo ya stendi. Nilijiambia nikiinuka nitakuwa nimeharibu, maana mke wangu aliniambia nikae, na Mwalimu hakutaka fujo. Nikakaza matako kwenye kile kiti nikashika kitenge kwa nyuma kwa mikono yote miwili.

Akaanza.

Mstari wa kwanza ulitoka unatetemeka. Wa pili ulitetemeka zaidi. Kichwani mwangu nikaona anachokiona yeye: upande wake mtupu, viti vimeondoka, watu wote wamemkimbia, na pale alipofunga kitenge kuna taa. Huyu ni mtoto wa Kagongwa. Kukimbiwa na watu anajua maana yake vizuri kuliko Mwalimu.

Mstari wa tatu ndio wenye ile sehemu ya kupanda. Sauti ikapanda, ikakatika.

Kimya.

Vayolini zikaendelea kuzunguka pale pale, zinamsubiri. Watu kule kulia wakaanza kunong'onezana. Nasema kwa dhati, sijawahi kuumia vile, hata siku ya upasuaji nilikuwa na nafuu.

Ndipo nikasikia kiti kinakwaruza.

Masanja. Kasimama kule kulia, kainua kiti chake juu ya kichwa kwa mikono miwili, anakata ukumbi katikati. Siyo pembeni. Katikati, kati ya Mwalimu na okestra yake, na vile viatu vya udongo. Akafika mbele ya kwaya yetu, mbele ya mke wangu, akakita kiti chini akakaa kama mtu aliyefika kwake. Halafu akageuka kwa wale wa upande wa pili na ile sauti ya kwenye shimo:

"Shemeji yangu amebaki peke yake! Mnaangalia nini? Nzugi! Nzugi bhose!"

Yaani njooni, njooni wote.

Nikafunika uso.

Wakuu, walikuja. Yule mama wa kwanza na kiti chake kichwani, ile familia, wazee, kila mtu. Viti vinagongana, mtoto mmoja analia kaachwa, mpiga video anasukumwa yeye pamoja na stendi yake, anatukana chini chini. Hamisi akaamka akauliza kama imeisha. Mwalimu mikono iko juu, kijiti kimeganda hewani, sura yake ni ya mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua.

Na katikati ya fujo yote hiyo nikasikia mke wangu anacheka.

Kicheko kifupi tu, cha pua. Nikaisikia pumzi yake inaingia, ndefu. Akaurudia ule mstari.

Ukapita.

Siyo sauti ile ya zamani. Ni nzito kidogo, ina ukwaruzo kwa chini. Lakini ilipanda ikafika, ikakaa pale juu muda wote alioutaka yeye, na ule ukumbi ambao mchana mzima haukuwa na adabu ukatulia hadi nikasikia feni. Masanja kainua uso anamwangalia, machozi yanamtoka bila kujificha. Mimi nililia nyuma ya mgongo wa mpiga video, ambaye alikuwa amerudi.

Wimbo ulipoisha kabisa, hakuna aliyekumbuka kwamba sasa makofi yanaruhusiwa. Ilibidi Mwalimu ageuke na kupiga ya kwanza mwenyewe.

Kuna mkuu hapo chini kauliza kama Mwalimu alikasirika. Alikasirika. Alimfuata Masanja nje akamweleza kwa ukali kwamba duniani kote watu hawavuki mbele ya okestra. Masanja akamsikiliza vizuri, akamwamkia shikamoo, akamwambia mara nyingine aziweke kwaya upande mmoja ili watu wajue pa kukaa.

Sasa sikilizeni nilichofanyiwa mimi.

Tuko nje tunakunywa soda. Mama Kulwa anakuja, joho mkononi, uso unang'aa. Najiandaa kumkumbatia. Ananipita. Anaenda kwa Masanja.

"Wabeja, shem. Asante sana."

"Shemeji, nisingekuja wale wangekumaliza."

Mke wangu akaingia ndani ya ukumbi akatoka na kile kitenge cha njano. Akamtandikia Masanja mabegani, kama anavyotuzwa manju aliyeshinda. Watu wakapiga vigelegele. Hamisi akapiga picha, simu ikaita, akapokea.

Nikamvuta mke wangu pembeni. Nikamwambia, mama, mimi ndiye niliyebaki. Wote walihama, mimi sikuhama. Nilikaa kwenye kiti ulichoniambia mwanzo mpaka mwisho.

"Kiti nilikiona," akasema. "Mtu sikumwona."

"Yule mpiga video alinikinga!"

Akanitazama, wala siyo kwa hasira.

"Na miguu yako aliikinga?"

Tangu Jumapili hiyo sentensi naamka nayo, nalala nayo.

Funzo nililopata sijui hata nilisemeje. Nimekasirika na mgeni rasmi, na MC, na mpiga video, na Hamisi. Na huyo Masanja ambaye aliasi kwanza ndipo akarudi kuwa shujaa, wakati mimi mtiifu nimeambulia lawama. Lakini nikitulia najua alichokuwa anakiomba yule mwanamke hakikuwa kiti. Alitaka kuniona. Mimi nikashikilia kiti.

Masanja leo kaweka picha mtandaoni yuko duarani, vijana wake nyuma, kile kitenge shingoni. Kile kitenge nilimnunulia mke wangu siku aliyotoka hospitali.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Niambieni mngekuwa nyie mngeinuka au mngekaa. Mwenye matusi ampelekee Masanja, mimi yangu yamenitosha.

Mtanisamehe nikichelewa kujibu. Huko nyuma jikoni ameanza tena ule ubeti, anakaribia pale pa kupanda. Nafunga duka kidogo nikasimame mlangoni anione.